Plaiwudi ya bawa: nyuzi za mshazari au za kufuata urefu?

Kwa anayejenga ndege ya mbao nyumbani, swali hili hujitokeza zaidi kwenye ukingo wa mbele wa bawa, pale ngozi ya plaiwudi (tabaka nyembamba za mbao zilizogundishwa, nyuzi za moja zikikatiza za nyingine) inapokunjwa na kugundishwa kwenye boriti kuu ili kufanya sanduku la kuzuia msokoto.

Nyuzi za nje zikifuata urefu wa bawa, plaiwudi hukunjika kirahisi na mabaki huwa machache. Kasoro iko kwenye msokoto. Upepo ukilisokota bawa, nguvu hupita kwenye ngozi kimshazari: mshazari mmoja huvutwa, mwingine hubanwa. Hakuna tabaka ambalo nyuzi zake zinaelekea huko, kwa hiyo mzigo huangukia mbao laini iliyo kati ya nyuzi.

Ukizigeuza digrii 45, mambo hubadilika kabisa. Tabaka moja huvutwa kwa urefu wa nyuzi zake, lililo chini yake hubanwa vivyo hivyo, na hapo ndipo mbao ina nguvu zaidi. Ngozi huwa ngumu zaidi kusokotwa kwa uzito uleule. Hata ukuta wa plaiwudi wa boriti hunufaika hivyo.

Gharama? Mabaki mengi ya pembetatu (nayo hufaa kwa vipande vya kuungia mbavu, yaani fremu zinazolipa bawa umbo), viungo vingi ambavyo kingo zake huchongwa mteremko kabla ya kugundishwa, na kukunja kwa shida kidogo. Mimi ningelipa. Ila mchoro wa mbunifu ukitaja mwelekeo, fuata huo. Unene wa plaiwudi ulikokotolewa kwa mwelekeo huo.