TAHADHARI: Vitonge vya "dhahabu ya kompyuta" ni brasi iliyopakwa

Wadau, yule muuzaji wa dhahabu ya kompyuta niliyemsifia kwenu, aliyeniuzia lile furushi la pili, ni mwizi. Sisemi amekosea wala amechanganya mizigo, nasema mwizi. Kitonge alichoniuzia kuwa ni dhahabu iliyoyeyushwa kutoka kwenye pini na vidole vya RAM (zile ncha zenye dhahabu kwenye kadi za kumbukumbu za kompyuta) ni brasi tupu, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, imepakwa ngozi nyembamba ya dhahabu kwa juu. Nimekikata kwa msumeno na nimeona kwa macho yangu. Nina hasira hadi mikono inatetemeka, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba kuna watu walimfuata kwa sababu walinisikia nikimsifia.

Kabla mtu hajaniuliza "ulikubali vipi?" anisikilize kwanza.

Furushi la kwanza aliloniuzia, la vidole vya RAM, mnalijua. Vidole vilikuwa vimekatwa karibu kabisa na mstari wa dhahabu, hakuna bodi ya kijani iliyoachwa ili kuongeza uzito, na utando wa dhahabu uliachia safi kabisa. Mali halisi, haikuwa na shaka. Na jamaa anaijua kazi! Nilipomwambia nafikiria kutumia tindikali ya nitriki kutenganisha dhahabu, alinionya nisiithubutu ndani ya nyumba, kwamba ule moshi wa kahawia unaweza kumwacha mtu akijiona mzima, kisha baada ya saa kadhaa mapafu yakajaa maji. Ni kweli tupu. Mtu anayekuonea huruma mapafu yako utamdhania tapeli? Akaniambia ameacha tindikali kwa sababu nyumbani kuna watoto wadogo, kwa hiyo anauza alichokwisha kuyeyusha, mwenye vifaa amalizie kukisafisha. Maelezo yanaingia akilini. Wengi wetu tumewahi kusimamisha kazi kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa sikilizeni alivyonimaliza. Nilimwambia silipi bila kuona jaribio. Akapiga simu ya video papo hapo, hakuomba hata muda wa kujiandaa. Kitonge kilikuwa juu ya kigae cheupe. Akakiweka kwenye mzani, nikasoma gramu 20. Akachukua tupa, akakikwaruza ubavuni, nikasikia mlio wake. Akadondosha tindikali pale pale. Nikasogeza uso hadi karibu na kioo cha simu nikitafuta povu. Hakuna povu, hakuna rangi ya kijani, tone limetulia tu. Akaniuliza kwa upole, "Umeridhika, ndugu yangu?" Halafu akanionyesha kipimo cha mashine ya eksirei ya kupimia metali: dhahabu asilimia 58, yaani kama karati 14. Nikatuma hela hapo hapo, simu ikiwa bado haijakatwa. Akasubiri ujumbe wa malipo uingie, akanishukuru kwa jina langu. Hilo la kunishukuru kwa jina ndilo linanirudia kila nikifumba macho.

Nimeshaelewa alivyofanya. Tupa ilipita juu juu tu, au ilikwaruza mahali alipopapaka unene wa kutosha. Na ile mashine inasoma mikroni chache (sehemu za elfu za milimita) za ngozi ya nje. Ukiipa brasi iliyopakwa, inachanganya dhahabu ya juu na shaba na zinki za chini yake, inakutolea asilimia inayovutia kabisa. Kipimo chenyewe huenda si cha kughushi, na huo ndio ukatili wake.

Kitonge kilipofika nilifunga uzi, nikakining'iniza ndani ya kikombe cha maji kilichokuwa juu ya mzani, bila kugusa kitako. Hapo mzani unaongezeka kwa uzito wa maji yanayosukumwa na kitonge, gramu moja kwa kila sentimita ya ujazo. Dhahabu safi ni gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo gramu 20 zingeongeza mzani gramu 1 na kidogo. Hata ya karati 14 ingeongeza kama gramu 1.5. Mzani ukaongezeka gramu 2.3. Brasi! Nikakikata katikati: ndani manjano iliyofifia. Nikaweka kipande kwenye nitriki, nje ya nyumba. Kikachemka moshi wa kahawia, maji yakawa ya kijani, brasi yote ikayeyuka, vikabaki viganda vya dhahabu vinaelea. Karati 14 haiyeyuki hivyo.

Na kuna jambo la hatari kuliko hela. Zinki inachemka kwenye nyuzi joto 907, dhahabu inayeyuka kwenye 1064. Mtu akikipiga moto kitonge hiki akidhani ni dhahabu, zinki inapanda kama moshi mweupe, akiuvuta anapata homa na kutetemeka. Huyo aliyejifanya anajali mapafu yangu alijua anachonitumia. Alijua! Mtu wa namna hii hafai kuonywa wala kufungiwa akaunti tu akafungue nyingine. Afikishwe polisi, alipe kila aliyemliza, na vifaa vyake vichukuliwe.

Dalili? Zilikuwepo. Tangazo lilisema "kinauzwa kama kilivyo", jina la kupokea hela halikuwa lake, na nilipoomba akikate kitonge katikati mbele ya kamera alisema kitapoteza uzito. Picha za vidole alizonitumia baadaye zilipigwa kwa juu tu, hakuna hata moja ya chini ya mfuko. Tena mwenye dhahabu ya asilimia 58 mkononi anaweza kuipeleka kwa wasafishaji wakamlipa kwa uzito. Kwa nini amhangaikie mtu anayefanya kazi hii kwa kujifurahisha tu kama mimi? Kateni katikati, pimeni kwenye maji, basi.

Kwa sasa amenizuia, hapokei simu. Yeyote mwenye kitonge chake asikiyeyushe na asikitie kwenye tindikali chote. Kipigeni picha kikiwa na kifungashio chake, hifadhini risiti za malipo na mazungumzo yote, kisha mnitafute kwa ujumbe wa faragha. Natayarisha malalamiko ya pamoja, na simwachii.