Mapambo ya mkanda ya karne ya 14: shaba nzuri, pini fupi

Seti hii niliiagiza kwa ajili ya kikundi chetu cha kuigiza maisha ya Zama za Kati hapa Uingereza. Ndani ya boksi kuna bizimu, kipande cha kufunika ncha ya mkanda, na maua 12 ya kupachika kwenye ngozi. Vyote ni vya shaba ya njano na vimeigiza vitu vilivyochimbuliwa London.

Kazi yenyewe ni nzuri, sina ubishi. Kila ua lina petali sita, limebonyezwa kutoka bamba jembamba, na ukiligeuza unaona mashimo ya kibonyezo upande wa nyuma. Bizimu ni la kumimina. Kingo zimepigwa tupa vizuri na ulimi unalala sawasawa. Halafu hawajapaka vanishi, kwa hiyo shaba inaanza kufifia yenyewe, jambo ambalo mimi nalipenda. Asiyependa atumie ndimu na chumvi, ila kabla ya kupachika, maana ngozi haitaki ndimu.

Zipo seti za bati na risasi kwa nusu bei. Mimi sizitaki: zinapinda hovyo. Tena hati ya mfalme Edward III ya 1327 iliwakataza mafundi mikanda wa London kupamba kwa madini duni kama hayo. Hata hivyo mapambo ya bati na risasi yameokotwa tele jijini humo. Biashara ni biashara.

Tatizo ni pini za kupachikia maua. Ngozi yangu ilikuwa ya milimita 3. Nikatoboa kwa maharazi, nikapitisha pini, upande wa pili kikachungulia kipande kidogo mno, nyundo haina cha kupiga. Washa, kile kiduara cha kubana pini kwa nyuma, inateleza, ua linacheza. Ikabidi fundi viatu aipunguze ngozi hadi milimita 2, ndipo zikashika, na tangu hapo hakuna lililong'oka. Muuzaji nilipomwandikia alijibu haraka na kwa adabu, kwamba pini ndefu zinauzwa kando. Hilo lingeandikwa kwenye tangazo, si kuambiwa baadaye.

Angalia pia upana. Bizimu linapokea ngozi ya milimita 16 tu, kwa hiyo usidhani utalifunga kwenye mkanda wa suruali. Mikanda hii ilivaliwa juu ya nguo, bila vitanzi vya kuushika, na ncha iliachwa ining'inie mbele, kama unavyoona kwenye sanamu za makaburi ya makanisani. Kile kipande cha mwisho kina uzito wa kutosha kuuvuta mkanda unyooke, lakini ukikata ngozi fupi hakina kazi. Kata ndefu kuliko unavyodhani.

Nyota 4. Ya 5 imeondoka na pini. Ukiagiza, uliza urefu wake kwanza, na kama ngozi yako ni nene, dai zile ndefu ziwekwe humo humo.