Mixxx kwa redio ya shule, nimeitumia muhula mzima

Wadau, mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya habari kwenye sekondari ya bweni. Redio yetu haina mnara, ni amplifaya na spika nne za bwaloni na uwanjani, lakini vijana ndo wanaiendesha wenyewe na ugomvi wa nani apige wimbo gani ulikuwa unatumaliza kabisa. Muhula huu tumehamia Mixxx, programu ya madijei, ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na ukishaidaunlodi haili bando.

Kilichonikosha ni kreti, yaani nyimbo unazipanga kwenye kreti kama za soda, sisi tunayo ya asubuhi, ya mchana na ya Jumamosi, halafu unawasha Auto DJ inachota yenyewe humo. Na kuna sehemu inaitwa History inaandika kila wimbo uliopigwa, kwa hiyo fomu tuu wakija kulalamika kwamba fomu foo wamepiga singeli wiki nzima tunafungua tunahesabu pamoja, ubishi unaisha palepale.

Halafu sauti. Zamani Sikinde, ile bendi ya dansi, iliyotolewa kwenye kaseti ilisikika kwa mbali, bongo fleva ikifuata masikio yanapasuka. Tuliiacha usiku kucha ichambue nyimbo zote (laptopu yetu ya zamani jamani) na sasa inazisawazisha. Kwenye zile ndefu za dansi kijana mmoja anaweka alama pale chemko, ile sehemu ya mwisho yenye kasi, linapoanza, mapumziko yakibaki dakika nne anaruka hadi hapo, bwalo zima linagonga meza! Nilifurahi mno, maana ndo walewale waliokuwa wanaziita nyimbo za wazee.

Mapungufu yapo. Laptopu yenye tundu moja la sauti huwezi kusikiliza wimbo unaofuata kwenye hedifoni huku mwingine uko hewani, mpaka ununue kadi ya sauti ya USB au waya wa kugawa sauti. Haina ratiba ya saa, tangazo la saa saba kamili lazima mtu abonyeze. Na matusi haiyajui. Tuliweka wimbo ubeti wa kwanza msafi kabisa, wa pili ukaja na maneno siwezi kuyaandika hapa, na mkuu wa shule kasimama mlangoni na sahani yake. Tangu siku hiyo wimbo hauingii kwenye kreti mpaka vijana wawili wausikilize hadi mwisho, na aliyeuleta haruhusiwi kuwa mmoja wao.