Uzoefu wangu na Anki kwa JLPT N4: jinsi ya kuipanga, na mahali isipofika

Anki ni programu ya kadi za kukariri: mbele swali, nyuma jibu, na yenyewe ndiyo inayopanga kila kadi irudi lini. Nimeitumia kujiandaa na mtihani wa Kijapani wa JLPT, ngazi ya N4. Kwa msamiati na kanji (herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina) sijaona chombo kinachoishinda. Ila ukiiacha na mipangilio iliyokuja nayo, na kadi zilizotengenezwa na wengine, utazoea kadi na mtihani utakushinda.

Anza na alama. N4 ina alama 180: msamiati, sarufi na kusoma vimeunganishwa kwa alama 120, kusikiliza ni 60. Kufaulu ni 90, lakini kila sehemu ina kima chake cha chini, 38 kwa ile ya kwanza na 19 kwa kusikiliza. Mwenye 110 kwenye sehemu ya kwanza na 15 kwenye kusikiliza ana jumla ya 125, na amefeli. Hakuna kuandika kwa mkono wala kuzungumza. Yote ni kuchagua jibu, na jibu baya halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali wazi.

Kwenye kompyuta Anki ni bure. Kwenye simu za Android tafuta AnkiDroid, nayo ni bure. Ya iPhone inalipiwa mara moja, takriban dola 25 za Marekani. Yote inafanya kazi bila intaneti. Bando linahitajika tu unapooanisha simu na kompyuta. Kama kadi zako zina sauti, weka AnkiDroid isishushe mafaili ya sauti isipokuwa ukiwa kwenye Wi-Fi, maana hayo ndiyo yanayokula bando.

Sasa hesabu. Tangu mtihani ulipopangwa upya mwaka 2010 waandaaji hawatoi orodha rasmi ya maneno. Makadirio yanayotumiwa na wengi kwa N4 ni maneno 1,500 na kanji 300, yakiwemo ya N5, ngazi iliyo chini yake. Kwa kadi 15 mpya kila siku utamaliza kwa siku 100, na marudio ya siku yatatulia kwenye mara saba hadi kumi ya kadi mpya, yaani 100 hadi 150. Mtihani hufanyika Julai na Desemba, na si kila mji una awamu zote mbili, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya mji wako, kisha ongeza wiki tatu za mwisho zisizo na kadi mpya kabisa. Anki huja na kikomo cha kadi 20 mpya na marudio 200 kwa siku. Mwenye pupa akipandisha kadi mpya hadi 40, marudio hugonga 200, yanayobaki hujificha nyuma ya kikomo, na kadi mpya nazo huacha kutokea. Anadhani yuko sawa kumbe ana deni.

Washa FSRS, kanuni mpya ya kupanga marudio iliyoingia mwaka 2023. Kiwango cha kukumbuka acha kwenye 0.90. Kukipandisha hadi 0.95 kunaongeza marudio mno kwa faida ndogo, na muda huo unatakiwa kwenye kusikiliza. Kati ya vitufe vinne vya kujipima ukishaona jibu, mimi natumia viwili tu: cha kwanza nikisahau, cha tatu nikikumbuka. Kitufe cha pili maana yake ni kwamba umekumbuka kwa shida. Ukikibonyeza wakati umesahau, kanuni inaamini unajua na kukusogezea kadi mbali.

Kwa kadi zenyewe nasisitiza: tengeneza zako, na nyuma andika Kiswahili. Mafungu mengi ya bure yana Kiingereza, na N4 imejaa jozi za vitenzi ambazo Kiingereza huzitafsiri kwa neno moja. Akeru na aku zote utaziona zimeandikwa "open". Kwetu akeru ni kufungua na aku ni kufunguka. Kowasu ni kuvunja, kowareru ni kuvunjika. Kureru iandike "kunipa" na ageru "kumpa", na swali la nani kampa nani linapoteza nusu ya ugumu wake.

Sehemu moja Kiswahili kinakutega: saa. Hachiji ni saa mbili, niji ni saa nane. Ukiandika "saa mbili" nyuma ya kadi, kichwa kinasikia mbili na kurukia "ni" (mbili kwa Kijapani), na kwenye kusikiliza huna nafasi ya pili, sauti inapigwa mara moja tu. Andika 8:00 na 2:00 kwa tarakimu. Tarehe fanya hivyo hivyo, hasa yokka (tarehe 4), yōka (tarehe 8) na hatsuka (tarehe 20).

Usitengeneze kadi ya kanji moja yenye orodha ya matamshi. 生 husomwa vingine katika 先生 (sensei), vingine katika 生まれる (umareru), vingine tena katika 誕生日 (tanjōbi). Mtihani unauliza neno ndani ya sentensi, basi kadi nayo iwe neno ndani ya sentensi fupi. Swali la kusoma kanji huweka majibu yanayotofautiana kwa urefu wa irabu tu: りょこう (ryokō), りょうこう (ryōkō), りょこ (ryoko). Irabu za Kijapani ni tano kama zetu na hazitusumbui, ila urefu wake tunaupuuza. Andika jibu kwa hiragana (herufi za Kijapani za silabi), kamwe si kwa herufi za Kilatini, na usijipe tiki kama umekosea hata う moja. Kwa swali la kinyume, hiragana kwenda kanji, tengeneza kadi zinazoweka wanaofanana pamoja: 待, 持 na 特, 牛 na 午. Hapa kalamu na karatasi vinasaidia, ingawa mtihani hauombi mwandiko.

Mambo matatu ya kiufundi. Simu ambayo haijawekewa Kijapani inaweza kuonyesha baadhi ya kanji kwa umbo la Kichina, 直 na 骨 kwa mfano, nawe ukajifunza umbo lisilo lako. Kwenye kiolezo cha kadi zungushia sehemu ya Kijapani <div lang="ja"> na </div>. Ukitaka hiragana ndogo juu ya kanji, andika 漢字[かんじ] kwenye sehemu ya data, na kwenye kiolezo weka "furigana:" mbele ya jina la sehemu hiyo, liwepo upande wa nyuma tu, likiwa mbele utasoma hiragana na kanji hutaijua. Tatu, ukiongeza sehemu mpya kwenye aina ya kadi, uoanishaji unaofuata huwa wa upande mmoja, na programu inauliza upakie au upakue. Upande usiouchagua unafutwa. Oanisha vifaa vyote kwanza, ndipo ubadilishe, na uwe na nakala ya akiba.

Kadi uliyoisahau mara nane baada ya kuijua Anki huisimamisha na kuitia alama. Usiirudishe jinsi ilivyo. Mara nyingi sentensi yake ni ndefu au inagongana na kadi nyingine. Ibadilishe, au iache, neno moja halikuangushi.

Sarufi ndiyo sehemu ambayo Anki ni dhaifu. Kadi ya pengo, yaani sentensi yenye neno lililofichwa, inasaidia kwa umbo la kitenzi, lakini swali la nyota, lile la kupanga vipande vinne na kutaja kinachokaa kwenye ★, halifai kabisa: ukiliona mara tatu umeshakariri jibu. Hayo yafanye kwenye mitihani ya mfano inayotolewa bure kwenye tovuti rasmi ya JLPT, pamoja na sauti zake.

Sauti hizo nazikata kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, kuwa vipande vifupi na kuviweka kwenye kadi ambazo mbele ni sauti tupu. Zinafaa hasa kwa maswali ya majibu ya haraka, ambayo hayana picha wala maandishi: unasikia sentensi moja, kisha majibu matatu. Sheria yake ni kutorudia sauti. Usipoelewa mara ya kwanza, bonyeza kitufe cha kwanza. Hata hivyo kadi haizidi sentensi mbili, na mazungumzo marefu yanahitaji usikilize dakika 35 mfululizo kama ilivyo kwenye mtihani. Kwa hiyo Anki naiwekea dakika 30 kwa siku, na muda unaobaki ni wa kusikiliza na kusoma.

Wiki tatu za mwisho weka kadi mpya sifuri. Marudio yataanza kupungua ndani ya siku chache. Muda unaopatikana fanya mtihani wa mfano mzima kwa saa: dakika 25 za msamiati, 55 za sarufi na kusoma, 35 za kusikiliza. Neno lolote lililokukwamisha humo liandike kwenye daftari, na sentensi yake ile ile.