Gitaa langu lilipanda ndege Kisumu likiwa zima

Nilitaka kuwapa shirika hili la ndege nyota tatu, maana ndege haikuchelewa na rubani alitua vizuri. Lakini kila nikimkumbuka yule dada wa kaunta pale uwanja wa ndege wa Kisumu, nyota zinapungua.

Ilikuwa miezi kadhaa iliyopita, naenda Nairobi kupiga kwenye harusi. Nilikuwa nimewapigia simu mapema kuuliza habari ya gitaa, nikajibiwa vizuri kabisa: wahi kufika, utaingia nalo ndani. Nikawahi. Dada akaitazama kesi, akasema, "Hiyo inaenda chini." Nikamweleza kuhusu simu. "Aliyekuambia hivyo yuko wapi?" Nikamwomba basi amuulize mhudumu wa ndege kama kuna nafasi, kwa sababu abiria tulikuwa wachache. Hakuinua hata macho. "Mzee, hicho ni kipande cha mbao. Tia sahihi hapa."

Kipande cha mbao! Na hapo ni Kisumu! Huku Nyanza ndiko muziki wa benga ulikozaliwa, wapiga gitaa wakiifuata kwa vidole vyao milio ya nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Mtu anafanya kazi mji huu, benga inalia kwenye matatu na sokoni, halafu gitaa analiita mbao?

Karatasi yenyewe ilisema kitu cha kuvunjika kikiharibika, shirika halihusiki. Foleni nyuma yangu imeanza kunung'unika, wenye harusi wananisubiri. Ningefanya nini? Nikatia sahihi.

Nairobi kesi ilitokea kwenye mkanda imepinduka, kona moja imebonyea. Nikaifungua palepale sakafuni. Shingo ilikuwa imekatika chini kidogo ya kichwa, pale inapokuwa nyembamba, nyuzinyuzi za mbao zimechomoza kama muwa uliovunjwa kwa goti. Kichwa kimeshikiliwa na nyuzi tu. Na nyuzi zenyewe nilizilegeza nyumbani, kwa sababu nyuzi 6 za chuma zikikazwa huivuta shingo kwa zaidi ya kilo 70. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba lilijivunja. Lilirushwa, au liliangushwa.

Marekani walipitisha sheria mwaka 2012, na kanuni zake zikaanza kutumika 2015: gitaa likitosha kwenye kabati la juu na nafasi ipo unapopanda, linaingia nawe. Mimi safari yangu ilitegemea dada ameamkaje.

Niseme haki lakini. Kijana wa dawati la mizigo Nairobi alinipa kiti, akapiga picha, akajaza fomu mwenyewe na kunipa pole kama mtu anayejua nimepoteza nini. Kwa ajili yake nilisema nyota mbili zinatosha, wala nisiandike chochote. Kisha likaja jibu la ofisi: nakala ya ile karatasi, sahihi yangu imezungushiwa duara jekundu. Hakuna salamu, hakuna pole.

Basi ni moja, na hiyo ni ya yule kijana. Fundi ameigundisha shingo na imeshika, ingawa nikipanda noti za juu sauti inakwaruza na sijui kama itapona. Pesa za fundi wakae nazo. Yule dada akinipigia simu aseme pole, nitarudi hapa niwaongezee.