Mapambo ya Halloween mjini Kigoma: taa zinafaa, utando haufai

Seti hii inauzwa shilingi 85,000 katika duka moja la vifaa vya sherehe lililopo Mwanga, na ndani yake mna taa tano zenye umbo la boga, mifupa ya mtu ya plastiki, mzimu wa kitambaa unaojazwa upepo kwa feni, na mfuko wa utando bandia wa buibui. Niliinunua kwa ajili ya nyumba ya wageni ninayoisimamia kando ya ziwa, ambako watalii wanaotoka Hifadhi ya Gombe huulizia Halloween, sherehe ya usiku wa tarehe 31 Oktoba, yenye asili yake katika Samhain, sikukuu ya kale ya Wakelti, watu wa zamani wa Ireland na sehemu nyingine za Ulaya, ya kufunga mavuno na kuupokea msimu wa baridi.

Taa pekee zinastahili sehemu kubwa ya bei hiyo. Zinachajiwa kwa jua, na ingawa anga ilikuwa na mawingu ya mvua za Oktoba, ziliwaka tangu magharibi hadi wageni walipokwenda kulala. Huko Ireland watu walichonga taa za namna hii kwa turnipu, mboga ya mzizi wa mviringo, na boga lilishika nafasi hiyo baada ya desturi kuvuka hadi Marekani. Lakini boga halisi la sokoni, likishachongwa na kutiwa mshumaa katika joto letu, huanza kuoza upesi, kwa hiyo hapa plastiki ina hoja.

Mifupa imeungwa vizuri, ila isitundikwe getini. Mlinzi wetu aliomba ihamishiwe uani, nami nikamwelewa, kwani mpita njia asiyeijua Halloween ataona uchawi mtupu.

Mzimu ni hasara. Feni yake inatakiwa kuzunguka mfululizo, hivyo umeme ukikatika unalala chini kama kanga iliyolowa, na hata umeme ukiwepo, vigingi vyake vyembamba havishiki katika mchanga wa ufukweni pepo za ziwa zinapoanza kuvuma.

Utando bandia nisingemshauri mtu yeyote autandaze mitini. Nyuzi zake nyembamba huweza kuwanasa ndege wadogo na popo, na ukishanyeshewa hujikunja ukawa vifundo vinavyong'ang'ania matawi. Kuuondoa kwenye mwembe wetu kulichukua muda mrefu kuliko kuutandaza.

Muuzaji, ambaye kwa kweli ni mpole na hujibu maswali kwa subira, anasema taa haziuzwi nje ya seti. Akikubali kuzitenganisha, nitanunua nyingine za kutosha njia yote ya kuelekea gatini.