Gangilonga jioni: nilicholipa na nilichopata

Niseme mapema kwamba pesa yangu haikupotea. Jumapili jioni nilipanda na familia kwenye jiwe la Gangilonga, lile linaloutazama mji wa Iringa, ambalo simulizi za Wahehe zinalihusisha na chifu wao wa zamani, Mtwa Mkwawa. Kupanda si kazi kubwa. Mama mkwe alikwenda taratibu, akayalalamikia magoti njia nzima, na alipofika juu akagoma kushuka. Mji wote unauona chini yako, na watoto wakaanza kubishana paa la shule yao ni lipi. Beba sweta. Tuko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na jua likianza kuzama upepo wa pale hauna huruma.

Sasa hesabu. Tunakaa Ipogolo, kwa hiyo kuna daladala ya kupandisha mjini, halafu bajaji kutoka Miyomboni (dereva alitaka shilingi 5,000, tukamalizana kwa 3,000), karanga, soda, mahindi ya kuchoma, na kurudi. Ilinitoka kama 20,000. Kiingilio kilikuwa sehemu ndogo tu ya hiyo. Ndiyo maana huwa sielewi mtu akiniambia sehemu za kupumzikia mjini haziingizi kitu, eti kwa sababu ameangalia stakabadhi za getini. Amuulize dereva wa bajaji.

Na hata hiyo 20,000 haisemi yote. Mwaka 1947 mchumi Harold Hotelling aliiandikia idara ya hifadhi za taifa ya Marekani akapendekeza njia ya kupima thamani ya hifadhi kwa wanaoitembelea: wagawe wageni kwa umbali wanaotoka, uone wa kila umbali wanatumia kiasi gani kufika na wanakuja kwa wingi gani. Ilete hapa kwetu. Wa Kihesa anakuja kwa miguu akitaka. Wa Mafinga analipa basi, na siku yake yote imekwisha. Kama huyo wa Mafinga anaona bado inamlipa, basi wa Kihesa anapata starehe ileile kwa bei ya kutupa, na ile nafuu ni mali yake hata kama haijapita mfukoni mwa mtu. Ila tusidanganyane: aliyekuja mjini kununua bati akapitia jiweni, usimhesabie nauli yote.

Kasoro zipo. Juu hakuna kivuli, kwa hiyo saa saba mchana usijaribu. Nenda kuanzia saa kumi. Mvua ikinyesha jiwe linateleza, washike watoto. Na chupa tupu nilizozikuta kwenye nyufa tumeziacha wenyewe, wageni.

Wakiongeza kiingilio mara mbili nitalipa, nitanung'unika kidogo basi. Lakini jirani yangu mwenye watoto watano hatakuja tena, na akibaki nyumbani, muuza karanga na wa bajaji nao wamekosa. Mimi ningeacha kiingilio kama kilivyo, nikaweka mabenchi na kibanda cha chai ya tangawizi pale chini. Kwa baridi ile, mama mkwe peke yake angemaliza birika.